Msisimko kutoka Chumbageni

Bi Nyakato, mjumbe wa Shirikisho la michezo ya barafu, alipofungua sanduku lake la chuma na kuomba simu zote za nyumba ile, Mwanamvua alisitasita.

"Mwanangu, binti yangu Salha yuko Muheza kwa mumewe, na mimba imeshakomaa. Akinitafuta je?"

"Tarehe yake ni lini, mama?"

"Wameniambia bado wiki mbili."

"Basi leo hajifungui," alisema Bi Nyakato, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuzaa, akanyoosha mkono.

Mwanamvua akatoa simu yake. Mumewe Kibwana akatoa ya kwake baada ya kuiaga. Hizza, mdogo wake Mwanamvua, alitoa mbili, akatazamwa, akatoa ya tatu. Sanduku likafungwa.

"Sasa feni," alisema Bi Nyakato.

"Feni imefanya nini?" Kibwana aliuliza.

"Izimwe, mzee. Upepo unasimamisha vinyweleo."

"Mwezi wa pili, Tanga hii, jua la saa nane, unaniambia nizime feni?"

"Bangili itadhani umesisimkwa na mchezo."

Hizza, aliyekuwa na ghala la samaki wa barafu kule barabara ya kumi na mbili, akapendekeza wote wahamie kwenye chumba chake cha baridi, wakae juu ya makreti. Bi Nyakato akamjibu kwamba baridi nayo inasimamisha vinyweleo. Feni ikazimwa. Wakaanza kutoka jasho kwa heshima ya michezo ya barafu.

Heshima hiyo haikuwa ndogo. Siku zile hakukuwa tena na majaji wa kuteleza kwenye barafu. Waliokuwepo zamani walikuwa wakipeana alama kwa kujuana, mpaka watu wakachoka nao, na Shirikisho likaamua kuwatoa kabisa. Badala yao zikaja kaya za uamuzi. Kila fainali kompyuta ilipiga kura na kuchagua nyumba chache duniani, za mashabiki wa kweli waliofuatilia msimu mzima, kutoka nchi ambazo hazina mchezaji fainalini, ili bendera isimpofushe mtu. Hakuna aliyeulizwa maoni. Watu walivalishwa bangili, na bangili ikasoma ngozi, jasho na mapigo ya moyo. Mchezaji aliyewasisimua watu zaidi ndiye aliyeshinda.

"Bangili haiwezi kudanganywa," Bi Nyakato aliwaeleza huku akimfunga Mwanamvua ya kwake. "Inatofautisha hofu na karaha, na karaha na furaha. Ukijilazimisha kufurahi, inajua."

"Na inajua nimefurahia nini?" aliuliza Mwanamvua.

Bi Nyakato alikaza kifungo bila kuinua macho. "Hapana, mama. Hilo haijui. Ndiyo maana kuna hiki." Akaweka mezani kijisanduku chenye kitufe chekundu. "Wewe ndiye kiongozi wa kaya. Kama hisia zenu zimetoka nje ya mchezo, unabonyeza, alama yenu inafutwa. Mwisho wako ni pale mchezaji anayefuata anapomaliza. Baada ya hapo, kilichoandikwa kimeandikwa. Mimi nitakaa pembeni, siruhusiwi kusema neno. Ninyi mnaruhusiwa kuzungumza, kubishana, hata kutukanana. Shirikisho linataka mashabiki halisi."

"Hapo limefika," alisema Hizza.

Mwanamvua alikuwa amepuliza filimbi ya netiboli maisha yake yote ya kazi, kuanzia viwanja vya shule mpaka michezo ya taifa, na wachezaji walimwogopa kuliko mvua. Kibwana alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na tangu astaafu hakuwa na kipaza sauti ila hakuwa amenyamaza. Walianza kutazama michezo ya barafu kwa sababu mechi za nyumbani ziliwagombanisha mno. Msimu wa kwanza haukwisha kabla hawajapata cha kugombania na huko.

Mwanamvua alikuwa wa Ilvi Rautanen, Mfini mwenye miaka thelathini na sita, goti limeshapasuliwa, mwanamke aliyeteleza kama anayesimulia jambo zito kwa sauti ya chini. Hii ilikuwa fainali yake ya mwisho na hajawahi kupata medali hata moja. Kibwana alikuwa wa Aizhan Seitova, binti wa Kazakhstani, mwepesi kama kipepeo, ambaye hakuwa ameanguka tangu msimu uanze. Kibwana alimwita Ilvi "bibi kizee." Mwanamvua alimwita Aizhan "pia," ile ya kuchezea watoto, kwa maana anazunguka tu.

Hizza hakuwa na mchezaji. Yeye alikuwa shabiki wa barafu yenyewe.

*

Mchezaji mmoja wa Kanada, Maude Larocque, aliteleza wakati Hizza anaeleza tofauti kati ya barafu ya maji ya bomba na barafu ya maji yaliyochemshwa. Wakamtazama kwa jicho moja. Bangili zao zikatoa alama ya kawaida tu. Kaya nyingine zikampa zaidi, akakaa juu ya ubao.

Kisha taa za uwanja zikapungua, na Ilvi Rautanen akaingia peke yake, amevaa nguo ya kijivu.

"Haya, mabibi na mabwana," Kibwana alianza, ameshika kijiko, "bibi kizee anaingia dimbani. Anajipanga. Anavuta pumzi. Goti lake mnalijua, mie silitaji..."

"Baba Salha, nyamaza kidogo," alisema Mwanamvua.

Ajabu, alinyamaza. Ilvi alikuwa amefungua mikono, na namna alivyoifungua ilimfanya Mwanamvua asahau jasho lililomtiririka mgongoni. Akapita uwanja mzima kwa mguu mmoja. Akageuka. Akakusanya mwendo kwa ajili ya mruko wa mizunguko mitatu, ule alioukosa msimu mzima.

"Anakwenda," Kibwana alinong'ona. "Anakwenda... anapaa..."

Ilvi alizunguka mara mbili na nusu, akashukia ubavu wa kiatu, akaanguka vibaya, akaserereka kwa nyonga mpaka ukutani.

Na palepale, kutoka dirishani, vikalipuka vigelegele.

"Mwanamvua weee!" Ilikuwa sauti ya Mama Kidawa, jirani, ambaye simu za Muheza zilimkimbilia baada ya kukosa pa kwenda. "Mwanamvua! Salha kajifungua! Mapacha! Mapachaaa!"

Sebule ililipuka. Mwanamvua alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga kwenye mchezo wowote. Kibwana akatupa kijiko. Hizza akamkumbatia Bi Nyakato, jambo ambalo kwa hakika kanuni zilikataza.

"Wazima?" Mwanamvua alipaza sauti bila kutoka kwenye kochi, maana ambaye angetoka sebuleni angeharibu uamuzi wote wa kaya. "Mama Kidawa, wazima?"

"Wazima wote! Wa kike na wa kiume! Na mama yao mzima!"

Mwanamvua akalia. Kwenye televisheni, Ilvi Rautanen alikuwa anainuka kutoka ukutani, mkono mmoja gotini. Akawatabasamia watazamaji kama mtu aliyemwaga chai ugenini, akaendelea kuteleza mpaka muziki ukaisha.

Kisha alama zikaja.

Kaya nyingine zote zilimpa alama za huruma. Kaya ya Tanga ilimpa alama ambayo ubao wa uwanja haukuwa na nafasi ya kuiandika. Tarakimu zikagusana, zikapishana, ubao ukazimika, ukawaka tena. Jina la Ilvi Rautanen likapanda kutoka chini kabisa, likampita huyu na yule, likampita Mkanada, likasimama juu.

Mtangazaji wa kule uwanjani, ambaye sauti yake ilitafsiriwa palepale kwa Kiswahili safi mno, alisema kwa kutetemeka: "Mabibi na mabwana, haijawahi kutokea. Familia moja katika mji wa Tanga imeona kile ambacho sisi wenye macho makavu hatukukiona. Imetufundisha uzuri wa kuanguka."

Hizza akarudisha kipande cha muhogo sahanini.

"Eti tumefundisha nini?" aliuliza Hizza.

*

Mwanamvua alikitazama kitufe chekundu. Kibwana alimwona anavyokitazama.

"Mama Salha, tulia kwanza. Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Na mimi najua. Na mimi ndiye mwenye Aizhan! Yule bibi kizee akibaki juu, mimi ndiye ninayeumia. Sasa kama mimi ninayeumia nimenyamaza, wewe unayefaidika unahangaika nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Msimu mzima hujampa neno jema. Leo kwa nini unamtetea?"

Kibwana alijifuta uso kwa pindo la shati. "Nilimwona akiinuka," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya utangazaji. "Kajishika goti, kawatabasamia watu. Miaka yote ile, hajapata hata kikombe cha plastiki. Mwache mama wa watu aondoke na kitu mkononi. Tunampunguzia nani?"

Mwanamvua alitazama ubao. Larocque, yule Mkanada, alionekana ameketi pembeni, midomo imebana, akijitahidi kupiga makofi.

"Yule pale," alisema.

"Yule hata hatukumwangalia."

"Ndiyo dhambi ya kwanza hiyo. Sasa tunaongeza ya pili." Akasogea ukingoni mwa kochi. "Sikiliza, Baba Salha. Kwenye netiboli, upepo ukipeleka mpira kapuni, ni bao, mimi sina neno. Lakini mtu wa jukwaani akirusha mpira mwingine ukaingia, nipulize filimbi au nisipulize? Wajukuu zangu wametoka jukwaani."

Hizza aliinua kidole kama yuko darasani. "Dada, lakini nani kasema msisimko wote ni wa mapacha? Mimi nilianza kusisimka kabla ya Mama Kidawa."

"Wewe ulikuwa unakula mihogo."

"Nilikuwa nakula huku nimesisimka."

Mwanamvua alitaka kucheka, akashindwa, kwa sababu mdogo wake alikuwa amegusa palepale panapouma. Hata yeye vinyweleo vyake vilisimama kabla ya vigelegele, tangu Ilvi alipofungua mikono. Angejuaje kiasi gani ni cha Ilvi na kiasi gani ni cha Salha? Moyo ulipiga mara moja kwa wote wawili. Akikataa, anafuta na ile haki ndogo ambayo Ilvi aliipata kwa jasho lake. Akikubali, anampa dhahabu kwa kazi iliyofanywa na Salha katika wodi ya wazazi Muheza.

Alimgeukia Bi Nyakato. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

Bi Nyakato alifumba mdomo kwa viganja vyote viwili. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kanuni ni kanuni.

"Hii kazi yako," Mwanamvua alimwambia, "ni mbaya kuliko ya filimbi."

*

Walikuwa bado wanabishana Aizhan Seitova alipoingia.

Kwa kawaida Kibwana angesimama. Safari hii alibaki ameketi, macho yamemtoka, kwa sababu kamera ilikuwa imemwonyesha kocha wa Aizhan, mzee mwenye kofia ya manyoya, akimnong'oneza binti huyo huku akinyoosha kidole kwenye ubao, kwenye ile alama ya Tanga. Binti alikuwa anatikisa kichwa kukataa. Kocha alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mwishowe wakawa wanaitikia wote wawili.

"Wanazungumza nini pale?" Hizza aliuliza.

Muziki ukaanza. Aizhan aliruka mruko wa kwanza, mwepesi, safi, akatua kama jani. Kibwana akavuta pumzi. Kisha, bila sababu yoyote ya dunia hii, binti akakunja mguu na kujibwaga.

"Ameteleza!" alisema Kibwana.

"Hajateleza," alisema Mwanamvua taratibu.

Aizhan aliinuka, akajishika goti ambalo halikuwa na tatizo lolote, akatabasamu kwa uchungu. Akazunguka, akajibwaga tena, safari hii kwa mkono mmoja kifuani.

Kibwana akasimama juu ya kochi. "Amejitupa! Mama yangu, amejitupa mwenyewe! Binti, simama! Simama wewe, usiige! Ule ulikuwa uzazi! Ule haukuwa mchezo, ulikuwa uzazi!"

"Anakusikia?" aliuliza Hizza.

"Mama Salha!" Kibwana alimgeukia mkewe, ameshika kichwa. "Wanamuua mtoto! Bonyeza!"

Mwanamvua hakumngojea. Alikuwa amekwisha kuona kwamba ile alama haikukaa mahali ilipowekwa. Ilikuwa imeshaanza kuwafundisha watu mambo. Leo Aizhan, kesho watoto wote kwenye viwanja vyote vya barafu wangejifunza kuanguka kwanza, kuteleza baadaye. Akanong'ona, "Nisamehe, Ilvi mama," akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayekamua jipu.

Kijisanduku kikatoa mwanga. Sauti ya kike, tulivu, ikajaa sebule, na kwa kuwa hivyo ndivyo kanuni zilivyotaka, ikajaa pia uwanja mzima wa barafu kule kwenye upande wa pili wa dunia: "Kaya ya Tanga imekataa alama yake. Kiongozi wa kaya, tafadhali taja sababu."

Mwanamvua alijiweka sawa kanga. "Nimepata wajukuu."

"Wawili," Kibwana alidakia.

Pakapita muda, lugha zikitafsiriana. Kisha uwanjani watu wakaanza kunong'onezana, wakaanza kucheka, na kicheko kikapanda ngazi mpaka paani. Aizhan Seitova wakati huo alikuwa amelala chali kwenye barafu, anguko lake la tatu, lililo zuri kuliko yote. Aliinua shingo akatazama ubao. Alama ya Tanga haikuwepo. Akamtazama kocha wake. Kocha alikuwa anatazama kofia yake.

Binti akaketi. Akasimama. Hata kupitia skrini walimwona amekasirika mpaka masikio. Muziki ulikuwa umembakizia sehemu ndogo tu ya mwisho, na katika sehemu hiyo aliteleza kama mtu anayekimbilia nyumba inayowaka. Hakutabasamu kwa mtu. Aliruka mruko ambao haukuwa kwenye mpango wake, akaufuata na mwingine, akazunguka mpaka nywele zikafunguka, akasimama katikati ya uwanja mikono imeshuka, anahema.

Pale Chumbageni, mtaani kwao Tanga, wote watatu walisogea ukingoni mwa kochi. Kibwana alinyoosha mkono wake, Hizza wa kwake, Mwanamvua wa kwake. Vinyweleo vyote vilikuwa vimesimama, na dirishani hapakuwa na mtu.

"Pia," Mwanamvua alisema kwa sauti ndogo. "Anazunguka kweli huyu."

*

Alama za kaya zote zilipokusanywa, Aizhan alishika nafasi ya tatu. Ilvi Rautanen, baada ya kuporomoshwa na kitufe cha Mwanamvua, akawa wa saba. Dhahabu ilikwenda kwa Maude Larocque, ambaye pale sebuleni hakuna aliyeweza kukumbuka alivaa nguo ya rangi gani.

Kamera ikamtafuta Ilvi kwenye kiti cha kungojea. Mwanamvua alijifunika uso kwa kanga, akachungulia kwa jicho moja. Mtu mmoja alikuwa ameinama akimweleza Ilvi sikioni kilichotokea. Ilvi alisikiliza akiwa na barafu juu ya goti. Uso wake, ule uso mzito wa msimu mzima, ulitulia kwanza. Halafu ukaanza kutetemeka pembeni mwa mdomo, na akacheka mpaka ile barafu ikadondoka sakafuni.

Mwandishi akamwekea kipaza sauti. Sauti ya tafsiri ikasema: "Waambieni wale wa Tanga hongera kwa watoto. Na waambieni mimi mwenyewe lile anguko halikunipendeza hata kidogo."

Mwanamvua akacheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hakuna bangili iliyohitajika kujua ni kwa ajili ya nani, kwa sababu Bi Nyakato alikuwa ameshaanza kuzifungua.

"Sasa naruhusiwa kuzungumza," alisema Bi Nyakato. Akasoma ujumbe kwenye kijisanduku. "Kocha wa yule binti amelalamika. Anasema mlichelewa kubonyeza, mkampoteza mchezaji wake. Shirikisho limekubali nusu yake. Nyumba hii haitapigiwa kura tena. Milele."

"Si haki!" Hizza alisema.

"Ni haki," alisema Mwanamvua. "Nilichelewa kweli. Mwamuzi anayejadiliana na mume wake wakati mpira unachezwa hafai." Akanyanyuka, magoti yakalia. "Lakini na yule kocha wamnyang'anye kofia."

Bi Nyakato alifungua sanduku la chuma, na simu zote zikaanza kulia kwa pamoja. Kabla hajaondoka aliomba mihogo iliyobaki, akaila amesimama, akaeleza kwamba alikuwa ameitamani tangu mwanzo.

*

Walikwenda Muheza kwa gari la samaki la Hizza, watatu mbele, Mwanamvua katikati na kifurushi cha nepi mapajani. Njia nzima walibishana. Kibwana alishikilia kwamba Aizhan bila yale maanguko matatu angechukua dhahabu asubuhi kweupe. Mwanamvua alishikilia kwamba Aizhan bila yale maanguko asingekasirika, na bila kukasirika asingeteleza vile. Na Ilvi, alisema, kwa mikono ile peke yake, kabla ya mruko, alistahili kuliko wote. Hizza alieleza kuwa barafu ya uwanja ule ilikuwa laini kupita kiasi, na kwamba hakuna aliyemuuliza.

Salha alikuwa kitandani, amefungwa kitambaa kichwani, mtoto mmoja kila upande. Mama mkwe wake alikuwa ameketi miguuni pake na uso wa mtu mwenye maswali.

"Tumepiga simu zenu zote," alisema mama mkwe. "Zote. Tukaishia kumpigia jirani."

Mwanamvua akamwekea kifurushi cha nepi mapajani. Akainama, akamchukua wa kike, akanusa kichwa chake, akafumba macho. Kibwana akamchukua wa kiume kama mtu aliyepewa yai lisilo na ganda.

Salha alikuwa anawatazama. Alikuwa amechoka, midomo imekauka, na alikuwa binti yao.

"Niambieni basi," alisema. "Nani kashinda?"

"Ilvi," alisema Mwanamvua.

"Aizhan," alisema Kibwana palepale.

"Mkanada," alisema Hizza mlangoni.

Watoto wote wawili wakaanza kulia, na muuguzi akaja mbio kuwatoa nje wageni wote watatu.